Kifaransa Safi

Nilijiunga na kikundi cha mafundi kompyuta wa Bukavu kwa kiburi, nakiri. Tulikutana Jumamosi moja kila mwezi katika ukumbi wa parokia, na siku nyingine tulionyana kwa simu kuhusu mitego ya mtandaoni. Mimi nilitunza kompyuta za kliniki ya wazazi huko Nguba, nikajiona nina mengi ya kufundisha.

Kulikuwa na papa mmoja, mzee aliyekuwa fundi wa shule. Maonyo yake yalikuja kwa Kifaransa kilichovunjika miguu. Siku moja nikaandika mbele ya wote: "Papa, rudia kwanza primaire," yaani shule ya msingi. Watu walicheka. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Nami nilifanya kazi katikati ya wakunga na bado sikuelewa.

Juma lililofuata alionya tena: msifungue mwaliko wa semina. Nilihesabu makosa matano, nikaacha kusoma. Mchana huohuo mwaliko ukanifikia kwa barua pepe. Kifaransa chake kilikuwa safi, kila alama juu ya herufi yake, kama cha masista walionifundisha kwa fimbo. Nikaufungua.

Faili za akina mama zikaanza kujifunga moja moja mbele ya macho yangu: vipimo vya damu, tarehe, nani alipasuliwa uzazi uliopita. Mkunga alisimama nyuma yangu, akingoja faili ya mama aliyekuwa tayari chumba cha uzazi. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Kunyamaza kungenifichia aibu, lakini wenzangu wangefungua mwaliko uleule. Nikaandika kwa Kiswahili cha nyumbani: "Ni miye nimefungua ile barua. Munisaidie."

Papa yule alijibu wa kwanza. "Pole maman. Toa waya ya internet ku mashine yote. Niko nakuya."

Alifika kwa pikipiki, viatu vimejaa matope. Kompyuta moja tuliipoteza. Mbili zilipona, na faili ya yule mama ilikuwa humo. Wenzetu kadhaa waliandika kwamba mwaliko wanao, hawaufungui ng'o.

Nilimwomba msamaha. Akacheka: "Maman, ule mwizi alisoma sana. Siye tuandike tu vile tunasemaka."

Tangu hapo tunaonyana kwa Kiswahili chetu. Onyo langu la kwanza lilikuwa na kosa. Nililiona, nikataka kulifuta, kisha nikalituma hivyohivyo.

Jibu lake likaja mara moja: "Maman, rudia kwanza primaire."