Mkeka wa Bwana Mkubwa

Nikiwasha kiberiti umeme ukikatika, ile harufu kali ya mwanzo hunirudisha majimoto, chemchemi iliyokuwa nyuma ya kijiji chetu, ndani kidogo kutoka Bungu. Ilinuka hivyo kutwa, nasi watoto tulirudi nyumbani tukinuka vilevile.

Bibi aliyenilea alikuwa msusi wa mikeka. Wenzake walichemsha miyaa, majani ya kusukia, kwa kuni ili ishike rangi. Yeye, kwa ajili ya magoti yake mabovu, aliteremsha debe la rangi kwenye jicho la chemchemi, na miyaa ikaiva humo huku akijikanda kwa maji yaleyale. Mikeka yake myekundu na ya zambarau iliuzwa Kibiti, ndiyo iliyonivisha sare ya shule.

Ikaja kampuni ya kuchimba visima virefu, kutafuta mvuke wa kuzalishia umeme. Mkuu wao, tuliyemwita Bwana Mkubwa, alituapia mkutanoni kwamba chemchemi haitaguswa. Walipoanza kuutoa mvuke, maji yakapungua, yakawa vuguvugu, mwisho yakapoa. Bibi alikwenda kulalamika, nami nimemshika mkono.

"Bibi, chemsha maji jikoni kama wenzako," Bwana Mkubwa alimjibu mbele ya vibarua.

Walicheka.

Kabla ya sherehe ya kufungua mitambo, kampuni ikamwagiza mkeka wa kumzawadia mkuu wao. Akausuka mweupe, mwembamba, hauna rangi wala pindo. Kwetu mkeka wa namna hiyo una kazi moja: kumlaza maiti kaburini. Shangazi alipouona alijishika mdomo.

"Mama, huo wa nani?"

"Wa aliyeagiza. Rangi nitaitilia wapi, na maji yamepoa?"

Siku ya sherehe Bwana Mkubwa aliukalia, akanyoosha miguu apigwe picha.

"Umeushona mwenyewe, bibi?"

"Mwenyewe, baba. Nimekupimia kwa macho."

Akashukuru sana. Wanawake walijiziba nyuso kwa kanga, mabega yakiwatikisika. Wazee walitazama chini. Hakuna aliyemwambia.

Mimi niliamini atakufa wiki ileile. Kila asubuhi nilisimama barabarani kusubiri habari, na kila asubuhi gari lake lilipita, naye akanipungia mkono.

Sasa nimemaliza chuo, kazi sijapata, na muda wa kuwaza ninao mwingi mno. Nimeelewa kwamba Bibi hakutaka afe. Alitaka sisi tuliochekwa tumwone amekaa juu ya mkeka wa maiti, anatabasamu, hajui, ili tusimwogope tena. Hilo lilimtosha, usiku ule alilala fofofo.

Mimi halijanitosha. Humtafuta Bwana Mkubwa mtandaoni, kisha huhofia itajulikana kwamba nimechungulia. Amenenepa, amepandishwa cheo, na ile picha ya mkekani ameiweka ukurasani kwake. Kila nikiufungua ukurasa huo, kitu cha kwanza ninachotazama ni kama kuna walioandika rambirambi.