Stilo ya Kuandikia Mvua

Mwaka niliotafuta kazi ya kupima mvua, nilitumia siku tatu za soko kuchagua stilo, kalamu ya wino. Nyumbani walicheka. Mimi niliona ni muda mfupi. Nilikuwa nimebeba magunia ya kahawa kwenye bandari ya Makiso, Kisangani, tangu ujana, na shule niliiacha katika mwaka wa sita. Yote niliyojua baada ya hapo niliyaokota kwenye karatasi: magazeti yaliyofungiwa karanga, maandishi ya ubavuni mwa masanduku, kamusi ya Kifaransa iliyokwisha kupoteza herufi zake mbili za kwanza. Kisha mgongo ukaanza kukataa magunia.

Pembeni mwa mji palikuwa na kituo kidogo cha mvua: uwanja wa nyasi uliozungushiwa seng'enge, chombo cha zinki chenye mdomo wa faneli kilichosimama katikati, na kibanda. Kila juma karatasi ya hesabu ya kituo ilipanda mashua kwenda kwa watafiti wa kilimo wa Yangambi. Mzee aliyekitunza alikuwa anastaafu, naye alikubali kunijaribu siku saba. Nikifaulu, kazi ni yangu. Nikishindwa, narudi bandarini.

Wakati ule mwanaume hakwenda kuomba kazi bila abakosti, lile koti la kuvaliwa bila tai. La kwangu lilikuwa la rangi ya majivu, na fundi alikuwa amebania kitambaa: mfuko wa kifuani haukuwa na kina, na juu yake kulikuwa na kifuniko cha kufunga kwa kifungo. Stilo ya kawaida ilikisukuma kifuniko kikabaki wazi, nikaonekana kama mtu aliyevaa huku akikimbia. Nilihitaji stilo fupi. Nilihitaji pia isiyovuja, maana joto la Kisangani mchana huufanya wino wowote utafute pa kutokea. Na iwe rahisi kiasi kwamba siku nikiipoteza nitapata usingizi.

Muuzaji wa sokoni Makiso alikuwa mtu wa Maniema mwenye kofia nyeupe. Alizipanga stilo zake juu ya kitambaa, katikati ya betri na nyembe. Siku ya tatu aliponiona nikija, alipiga makofi.

"Batu ya Makiso, mukuye muone! Huyu papa iko nachagula stilo ao iko naoa?"

"Bibi havuji mu poche," nilimjibu, nikiugusa mfuko wa kifuani.

"Ya solo, kweli? Oa wa pili, utaona!"

Wanawake waliouza pondu, majani ya muhogo, jirani walicheka mpaka mmoja akaangusha fungu lake.

Niliyoichukua ilikuwa nyeusi, ya kunyonya wino kwenye chupa. Ikifungwa ilikuwa fupi kama kidole cha mwisho. Ukikichomeka kifuniko chake kwenye mkia, ilijaa mkononi. Niliijaribu kwenye kipande cha gazeti. Mstari wake ulikuwa mwembamba, ukinenepa kidogo tu kwenye mikunjo, na tarakimu yangu ya nane ilisimama kama ndege aliyetua. Niliitazama kwa muda mrefu. Nilijiona nimeketi mezani, dirisha wazi, nikiandika polepole mvua ya jana. Haikunijia hata mara moja kwamba mvua huandikwa ndani ya mvua.

Asubuhi ya kwanza, saa kumi na mbili, ukungu wa mto ulikuwa umepanda mpaka uwanjani na nyasi zilionekana kama zinaelea. Chombo kilikuwa kikavu.

"Andika zéro, mwana," mzee aliniambia. "Usiache wazi. Zéro inasema ulikuya, uliangalia, mvua haikukuwako."

Nilitembea na neno hilo siku nzima. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kitu kisichokuwepo nacho huandikwa.

Kanuni zake hazikuwa nyingi. Kuandika kwa wino, maana penseli hufutika. Kuandika papo hapo, umesimama mbele ya chombo, kabla ya kuyamwaga maji. Ukikosea, piga mstari mmoja, kosa lisomeke chini yake.

Siku ya pili palikuwa na manyunyu. Ukurasa wa daftari la kituo ulikuwa umeshika unyevu, na nne yangu ilipogusa karatasi ilifunguka taratibu kama ua, ikawa doa. Mzee alilitazama. Nikaona aibu ya zamani. Shuleni kila mmoja wetu alikuwa na madaftari mawili, la brouillon, yaani la rasimu, na la kuandika safi, na doa kwenye hilo la pili lilikupeleka mbele ya darasa ukiwa umenyoosha viganja. Miaka ilikuwa imepita, lakini viganja vilikumbuka.

Kwa hiyo siku ya tatu mzee alipobaki kibandani akichemsha chai, niliandika kipimo kwenye kiganja cha kushoto. Nikamwaga maji, nikaingia kibandani, nikaufuta ukurasa kwa leso hadi ukakauka, nikaandika safi. Nilifanya hivyo siku tatu. Tarakimu zangu zilipangana vizuri kuliko zote za daftari lile, na nilianza kujiona nimekwisha kupata kazi.

Siku ya sita mvua ilianza kabla ya mapambazuko na ilikuwa bado inanyesha nilipofika. Mji haukuwepo tena. Hapakuwa na mto, wala michikichi, wala barabara. Palikuwa na sauti moja tu, pana, na mimi ndani yake. Nilimimina maji kwenye bomba la kioo la kupimia, nikaliinua usawa wa macho. Maji yalitulia, yameinama kidogo katikati kama yanavyofanya siku zote, na kwa kitambo kile nilikuwa na raha ambayo siwezi kuieleza. Nilisoma. Niliandika kiganjani. Nilimwaga. Nilifumba ngumi na kuikumbatia kifuani mpaka kibandani.

Nilipoifumbua, palikuwa na wingu la buluu tu, likishuka kwenye kifundo cha mkono.

"Chiffre?" mzee aliuliza, akitaka tarakimu ya siku.

Thelathini na kitu. Tatu ya mbele nilikuwa na hakika nayo. Iliyofuata ilikuwa nne, au saba. Maji yenyewe yalikuwa yamekwisha kunywewa na nyasi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

"Iliondoka, papa."

"Iliondoka wapi?"

Nilimwonyesha. Aliushika mkono wangu, akaupeleka mlangoni penye mwanga.

"Uliandika mu mukono?"

"Brouillon, papa. Nilitaka registre ibakie propre, bila doa."

"Brouillon!" Alicheka hadi akakohoa. "Mvua iko na brouillon? Hii ya leo itaanguka tena mara ya pili, weye uandike muzuri?"

"Ilikuwa trente na kitu."

"Na kitu! Batu ya Yangambi batapanda mupunga na kitu?" Kicheko kilimwisha. Alinisogezea daftari. "Andika."

"Niandike nini?"

"Ile unayua."

"Siyui, papa."

"Bon. Andika hiyo."

Niliandika: haijulikani, kosa la mpimaji. Hapo pia wino ulitawanyika. Mzee alisoma mara mbili.

"Kesho iko siku ya mwisho," alisema. "Hii stilo iko ya kuandikia bibi barua. Kuya na stilo ya kazi."

Nilishuka Makiso nikiwa nimelowa. Muuzaji alikuwa amejikunja chini ya turubai. Nilimwomba kikombe cha maji, nikachovya kipande cha karatasi, nikaanza kuzijaribu stilo zake moja baada ya moja juu ya karatasi iliyolowa.

"Wallahi! Juzi ulioa, leo unakuya kuacha?"

"Nyamaza kidogo, ndugu yangu. Hapa ndipo nakula ao nalala njaa."

Akaanza kunipa stilo yeye mwenyewe, akizifuta kwanza. Nyingine ziligoma, nyingine zililia wino. Iliyobaki ilikuwa ya kijani, fupi, nene kama kizibo, yenye gololi ndogo kwenye ncha na wino mzito kama grisi. Mstari wake ulikuwa mbaya, kama njia ya mchwa ukutani. Lakini ulikaa. Niliitia mfukoni, nikafunga kifungo, kifuniko kikalala. Nilimwachia ile nyeusi kwa kubadilishana, naye akaniongezea wembe mmoja.

Siku ya saba ilinyesha mvua nyembamba. Niliingia na daftari chini ya abakosti, nikainama juu yake, nikaandika nimesimama. Mbili yangu iliegemea upande mmoja. Pembe ya ukurasa ililowa ikachanika. Nilingoja kabla ya kumwaga, nikijua mzee atatoka kuhakikisha. Moshi wa jiko la chai ulitoka kibandani, mlango ulibaki umerudishwa. Nilisoma kioo tena, nikalinganisha na nilichoandika, nikangoja. Hakutoka. Nikayamwaga maji mwenyewe.

Kibandani alikuwa amemimina vikombe viwili. Hakuutazama ukurasa. Aliniuliza tu kama nyasi za karibu na seng'enge zimerefuka, kwa sababu kuanzia sasa, alisema, mimi ndiye wa kuzikata.