Kengele ya Kitanga na Sala Niliyoiacha

Siku yangu ya kwanza kazini nilichelewa. Kasisi wa parishi ya Kibondo alinikuta njiani nikifunga vifungo vya kanzu, tena kanzu ya kuazima iliyoniishia juu ya vifundo vya miguu. Hakunigombeza. Alinikabidhi kipande cha nondo akanionyesha ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo nje ya kanisa. Hiyo ndiyo ilikuwa kengele yetu.

"Piga mara thelathini, taratibu," alisema. "Kisha ingia usali. Waje wasije, wewe unasali."

"Wasipokuja, Mchungaji, nitasali na nani?"

"Kupiga chuma anaweza mtu yeyote mwenye mkono. Kanisa limekuchukua kwa ajili ya kinachofuata."

Ninyi vijana mnaotoka chuoni na Biblia kwenye simu, acheni niwaeleze kazi ilivyokuwa. Parishi moja ilikuwa na mitaa mingi, yaani makanisa madogo ya vijijini, na kasisi alikuwa mmoja tu. Kila mtaa ukawekewa mwinjilisti. Ushirika mtakatifu hatukutoa, hiyo ni kazi ya kasisi. Sisi tulifundisha, tulizika, tulitembelea wagonjwa, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi tuliongoza sala. Kijijini walituita walimu.

Sala ile ni ya kupokezana. Kiongozi husema mstari wake, watu huitikia wao. Huja Zaburi za siku, kisha somo, kisha kolekti, ile sala fupi iliyopangiwa juma lenyewe. Imetungwa kwa watu wawili au zaidi. Kuisali peke yako ni kama kucheza bao na nafsi yako.

Nilikaa Kibondo miaka kadhaa, nikaoa, nikahamishiwa Muyama. Waumini wa Muyama ni wakulima, na msimu wa kupanda maharage hakuna aliyekuja asubuhi ila mke wangu, Ester. Yeye ndiye alikuwa watu. Aliitikia huku akipiga miayo, na nikikosea Zaburi alinikoholea.

"Mwalimu, hiyo ya jana," alisema mbele ya mabenchi matupu.

Nilinuna mpaka chai inaisha. Leo ningetoa chochote nikoholewe tena.

Ester aliugua akafariki tukiwa huko huko Muyama. Watoto walikuwa wameshakwenda kutafuta maisha Dar es Salaam. Kasisi mpya wa parishi aliona mahali pengine patanituliza, akanihamishia Kitanga, nikapewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Asubuhi ya kwanza nilipiga kengele kwenye ukungu, nikaingia, nikasema mstari wangu. Kimya. Nikaitikia mwenyewe. Nilijilazimisha hivyo kwa wiki kadhaa. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilijisikia aibu mbele ya mabenchi.

Moyo ukawa mkavu, kama muhogo uliosahauliwa ardhini mpaka umekuwa kuni. Siku moja nilipiga kengele mara zangu thelathini, nikafunga mlango wa kanisa kwa nje, nikachukua jembe nikaenda shambani. Kesho yake hivyo hivyo. Ikawa desturi, nikaishi nayo miaka miwili. Jumapili nilihubiri vizuri tu, maneno ninayo. Lakini nilijua nimebaki mwinjilisti wa kanzu, na niliogopa. Niliogopa kwamba siku itafika nitamtafuta Mungu nikiwa na shida ya kweli, nisimkumbuke.

Kasisi alikuja kwa pikipiki mara moja kwa mwezi. "Wanakusifu, Mwinjilisti," aliniambia siku moja. "Wanasema kengele yako haijakosa hata siku moja." Nikamshukuru. Nilikunywa naye chai bila kumtazama usoni.

Wiki hiyo hiyo niliitwa kwa Bibi Yunia. Alikuwa mjane mzee, miguu imemkatalia, hakuwa ameonekana kanisani tangu nifike. Nilikwenda mchana. Alikuwa amelala karibu na dirisha, uso umeelekea kanisani.

"Mwakeye, Mwalimu," alinisalimu kwa salamu ya asubuhi ya Kiha, ingawa jua lilikuwa utosini.

"Bibi, huu ni mchana."

"Mimi nakujua wa asubuhi tu." Akacheka. "Nikisikia kengele naketi. Nahesabu, ikiisha najua umeingia. Wewe wasema yako kule, mimi naitikia huku. Zile zote nazijua kichwani. Sina mtu humu ndani, mwana wanje, mwanangu, wajukuu wanakuja jioni. Lakini asubuhi tuko wawili."

Ningeweza kunyamaza. Aliniita nimwombee, ningemwombea, ningeondoka na sifa zangu. Lakini nikaanza kulia kama mtoto, mwanaume mzima mwenye mvi.

"Bibi, sikuwepo."

"Hukuwepo wapi?"

"Kanisani. Miaka miwili sasa napiga kengele naenda shambani. Tangu mke wangu Ester afariki siwezi kuzisema, hakuna wa kuniitikia."

Nilitegemea anifariji, sisi tunaofariji watu tumezoea kutegemea hivyo. Hakunifariji.

"Miaka miwili," alisema. "Basi nilikuwa namwitikia nani?"

Nilifuta machozi kwa kiganja.

"Imana alikuwepo, hilo najua," alisema, akimtaja Mungu kwa Kiha. "Lakini nilikutaka na wewe." Akajivuta akaketi. "Kitabu unacho?"

Nilikuwa nacho mfukoni. Nikasema mstari wa kwanza, naye akaitikia, sauti nyembamba lakini haikuruka neno. Tulisali sala ya asubuhi saa saba mchana, mwanzo hadi mwisho.

Kesho yake nilipiga kengele nikaingia. Sitawadanganya, sikusikia chochote moyoni, siku hiyo wala miezi iliyofuata. Nilisema mstari wangu, nikanyamaza kwa urefu wa jibu lake, nikaendelea. Ukavu uliondoka lini sijui. Ninachokumbuka ni asubuhi moja nilijikuta nimerudia Zaburi kwa sababu nilitaka kuisikia tena. Kasisi alipokuja nilimwambia yote. Alinikemea kwa haki, lakini akaniacha kazini. Bibi Yunia tulimzika mvua za kwanza, na mimi ndiye niliyeongoza.

Sasa nimestaafu, nimepanga chumba Kasulu mjini, bodaboda zinaanza kelele kabla ya jua. Watoto hupiga simu wakikumbuka. Mnaniuliza mfanyeje roho ikilala. Fungua kitabu, sema, hata kama haina ladha. Kuna asubuhi nyingine bado haina.

Alfajiri hii nilifungua dirisha nikasema mstari wangu wa kwanza. Kisha nikanyamaza kidogo, kama ninavyofanya kila siku. Sijui ni nani anayeitikia, wala yuko kitanda gani. Namngoja tu mpaka amalize.