Nilifua Shati la Mtoto Nikanyamaza

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Naandika hapa kwa sababu nikimwambia mtu wa hapa Bondeni, wapangaji wa ploti nzima watajua kabla ya jioni, na mwenye haki ya kujua kwanza bado hajui.

Mimi hulea watoto nyumbani kwangu, wale ambao mama zao wameenda kazi. Kuna mmoja nitamwita Kibet, ingawa si jina lake. Alizaliwa na maji kichwani. Madaktari walimwekea mpira mwembamba chini ya ngozi, unaotoa yale maji kichwani na kuyashusha tumboni. Ukipitisha kidole nyuma ya sikio unausikia. Wengine wanaolea watoto walimkataa. Mimi nilimchukua, na nisiwadanganye, nilijiona mtu wa maana sana.

Mama yake anashona magunia kwenye stoo ya mahindi kule Rongai. Anatoka mapema, anarudi giza likiingia. Siku ya kwanza alinishika mkono.

"Anti, hii mpira ikiziba hawezi sema, bado ni mdogo. Akitapika ama akilala sana, nipigie saa hiyo hiyo. Usingoje jioni."

"Usijali, mum," nikamwambia. "Huyu ni wangu."

Sasa sisi tunaolea watoto tuna tabia yetu. Mama akifika mlangoni jioni akiuliza mtoto ameshindaje, jibu ni moja: ameshinda poa. Umeshamwosha uso na kumpaka mafuta. Ukianza kusema ameanguka, ameumwa na mwenzake, tumbo linamwendesha, kesho atapelekwa kwa jirani yako ambaye watoto wake eti hawaangukagi. Nimejibu hivyo miaka yote, na sikuwahi kuona kama ni uongo.

Jumatatu moja Kibet alitapika uji wa asubuhi. Nikajiambia uji umemkataa. Nikamvua shati, nikalifua, nikalianika. Kesho yake akatapika tena, na kesho kutwa pia. Mchana alikuwa analala tu, wenzake wanapiga kelele na yeye hata hageuki. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ametulia. Nilipata nafasi ya kuchagua maharagwe.

Simu ilikuwa mfukoni, na kredo ya kupiga nilikuwa nayo.

Jioni moja mama yake aliangalia nguo. "Mbona amevaa shati ya hapa?"

"Amemwaga uji, mum. Lakini ameshinda poa, hajanisumbua hata kidogo."

Akanishukuru, akambeba mgongoni akiwa amelala.

Jumamosi alishindwa kumwamsha. Mpira ulikuwa umeziba. Walimfanyia upasuaji akapona, lakini maji yalikuwa yamefinya mishipa ya macho siku nyingi mno. Kibet haoni.

Mama yake alikuja kuniambia mwenyewe. Aliketi kwenye stuli yangu, viatu bado vina vumbi.

"Daktari aliniuliza ilianza lini. Nikasema ni leo tu. Akasema haiwezi kuwa leo, kama ningekuwa namwangalia ningeona. Anti, mimi ningeona saa ngapi? Nikifika nyumbani yeye huwa amelala. Mimi ni mama wa aina gani?"

Hapo ndipo ningesema. Nilimmiminia chai. Nikamwambia asijilaumu.

Sikulia, na mpaka leo sijalia. Nakoroga uji, nabadilisha nepi, nafagia. Mwili unafanya kazi na mimi sijui niko wapi.

Bado anamleta kwangu. Anasema hawezi kumwachia mtu mwingine. Kanisani alisimama akamshukuru Mungu kwa kumpa mtu wa kuaminika, na watu wakageuka kuniangalia. Niliitikia kwa kichwa, nikatazama Biblia yangu.

Kila asubuhi naamka nikisema leo nitamwambia. Akifika mlangoni, namwona vile amechoka, nampokea mtoto tu.

Wewe unayelea mtoto wa mwenzio, hasa yule uliyeonywa juu yake, sema ulichoona. Sema hata kama ni kidogo, hata kama utaonekana hujui kazi. Mama akikasirika akamhamisha, mwache amhamishe.

Kwangu mimi hakuna aliyemhamisha mtoto. Kesho asubuhi Kibet ataletwa, na akisikia sauti yangu atanyoosha mikono nimbebe.