Siku Wanaume wa Mudaka Walinigeuzia Mugongo

Bamama wa shirika letu, asante kwa kunipa nafasi hii. Wengi wenu mumeuona huu muguu wangu wa kuume, na kila Jumapili munaulizana pembeni. Basi leo nitasema mbele ya wote ili mupumzike kunong'ona. Munanijua, ni mimi mama Nsimire wa Kadutu. Sina sauti ya kuhubiri. Nitasema vile ninavyosema siku zote, na atakayecheka acheke, maana mimi mwenyewe nimeisha kucheka.

Zamani, mbele ya ile ajali iliyouumiza muguu, nilikuwa mutu wa mbio. Kazi yangu ni kufundisha wanawake wa vijijini kulima soja na kupanda kwa mistari, na projet yetu ya kilimo ilinipa pikipiki ndogo nyekundu ili nifike Mudaka na vijiji vya ng'ambo yake. Shemeki yangu Mugisho, mudogo wa bwana yangu, ni fundi wa pikipiki. Yeye ndiye alinifundisha kwenye uwanja wa mupira. Mwanzoni nilianguka kama kila mutu. Nilichubuka viwiko, nilivunja kioo, siku moja niliingia katika shamba la mihogo la watu na pikipiki ikaendelea bila mimi. Napanguza mavumbi, napanda tena.

Kisha Mugisho akanifundisha michezo. Kusimama wima juu ya pedali wakati wa kupita kwenye mashimo. Kuendesha kwa mukono mumoja. Kuvuka miti miwili bila kuweka muguu chini, maana kule vijijini, Kabare, madaraja mengine ni miti miwili tu. Kuinua gurudumu la mbele kidogo ili kuruka mufereji. Siku nilipoweza hii ya mwisho, Mugisho alisema hana la kunifundisha tena.

Shida yetu ilikuwa kikwembe, hiki kitambaa tunachojifunga kiunoni. Suruali serikali imetukataza sisi wanawake, munajua wenyewe, na kikwembe hakikutengenezwa kwa pikipiki. Kwa hiyo Mugisho alinikatia vipande viwili vya mupira wa ndani wa gurudumu. Nilikuwa nafunga kikwembe chini ya magoti, moja huku, moja kule. Nilitembea kama bata, lakini nilipanda salama.

Ile Jumapili kulikuwa na sherehe ya komunio kwa papa mukwe, Mudaka. Bwana yangu, papa Nsimire, na mutoto wetu Nsimire walitangulia na gari. Mimi nilifuata na pikipiki, nimevaa kikwembe kipya, kimepigwa pasi vizuri, na sikutaka mipira ikikunje. Nilijiambia, ni mwendo mufupi, nitakishika kwa mukono mumoja.

Nilifika. Wanaume walikuwa wamekaa nje na kasiksi yao, pombe ya ndizi, papa mukwe katikati. Sitawadanganya, nilitaka wanione. Kwenye mufereji wa kuingilia nikasimama juu ya pedali, nikaachilia kikwembe ili nishike usukani kwa mikono miwili. Upepo ukakipeleka kwenye sheni, ule munyororo wa gurudumu. Sheni ikakivuta, ikanivuta na mimi, na pikipiki ikalala upande wa kuume juu ya muguu wangu. Ile tiyo, bomba la moshi, yenye moto wa safari nzima, ikakaa juu ya nyama ya muguu.

Kama ningesukuma pikipiki kwa mikono yote miwili, ningetoka mara moja. Lakini mikono ilikuwa na kazi nyingine. Kikwembe kilikuwa kimepasuka hadi kiunoni, na mbele yangu kulikuwa papa mukwe, mutu ambaye hata kikombe cha maji nilikuwa namupa macho chini. Basi nilishika kitambaa.

Papa mukwe akasimama. Nikafikiri anakuja. Akageuka, akatazama migomba. Wanaume wengine nao wakasimama, wakageuka. Niliona migongo tu na makoti ya Jumapili. Sisemi kwa ubaya, ilikuwa heshima. Hakuna aliyetaka kuona mapaja ya muke wa mutoto wa mwenzake. Na mimi sikupiga kelele, maana ningepiga kelele wangegeuka tena. Nilisikia harufu ya nyama, na nilijua si ile ya sherehe.

Aliyeniokoa ni mama mumoja aliyekuwa anapita barabarani na muzigo wa ndizi mugongoni. Alitupa muzigo chini, akainua pikipiki peke yake, akafungua kikwembe chake cha juu akanifunika. Kisha akanigombeza.

"Kikwembe banauzisha ku soko," alisema. "Muguu habauzishe."

Alibeba ndizi zake akaenda. Sikumuuliza hata jina, na hilo linaniuma hadi leo.

Bamama, ajali ilikuwa ndogo. Ugonjwa ndio ulikuwa mukubwa, na tuliutengeneza sisi wenyewe. Mumoja alipaka siagi ya ng'ombe. Mwingine alisema dawa ya meno inapoza, akamaliza tube nzima. Mimi nilivaa vikwembe virefu, nikasema niko muzuri, nikaenda kazini nikichechemea. Jioni kitambaa kilikuwa kimeshikana na kidonda, nakiloweka na maji ya moto ili kitoke, na kinatoka na ngozi. Kisha mutoki ukanishika, kinena kikavimba, homa ikapanda. Harufu ilikuwa mbaya hata Nsimire alikataa kulala nami. Papa Nsimire alifunua shuka, akaona. Alinibeba hadi barabarani.

Hospitalini dokta alitazama muda murefu, halafu akaniita mwananchi kwa Kifaransa chake, akauliza, "Citoyenne, nani alikupaka dawa ya meno? Huu muguu hauna meno."

Alikata nyama iliyokufa. Sitawaeleza sana juu ya hiyo. Niliimba, nilitukana, niliita watakatifu wote, hata wagonjwa wa chumba cha pili walianza kuniombea. Kila asubuhi walisafisha, kila asubuhi nililia upya, na sindano zilinifanya nikae upande upande. Lakini nyama nyekundu ilianza kuota kutoka pembeni, safi, na homa ikaniacha. Siku niliyosikia njaa ya sombe, majani yetu ya mihogo, nilijua sitakufa.

Kumbe ngozi mupya ilikuwa fupi. Ilivuta kisigino juu, nikawa natembea kwa vidole. Na muguu wa kuume ndio wa kukanyaga freni, ya kusimamisha pikipiki. Dokta alisema kidonda kimepona, sasa kilichobaki ni mimi na muguu wangu. Masera mumoja, mutawa wa masomo ya ushonaji, alinihurumia, akaniketisha kwenye mashine ya kushona ya miguu. Kisigino, vidole, kisigino, vidole, kutwa nzima. Niliichukia ile mashine. Nilishona uniformi za watoto wa kartiye yetu nzima huku machozi yananitoka. Lakini kisigino kilianza kushuka. Na hapohapo nilijishonea kaptula inayofika magotini, ya kuvaa chini ya kikwembe. Hakuna aliyeikataza, maana hakuna anayeiona.

Wakati huo chef wa projet, mukubwa wangu wa kazi, alikuja kuniona. Alikuwa mutu muzuri, lakini mvua ya kupanda ilikuwa inakaribia. Alisema kama sikanyagi freni mbele mvua haijaanza, pikipiki itapewa mutu mwingine, na mimi nitakaa bureau, kwenye makaratasi. Na kutoka Mudaka kulikuja habari kwamba batonton wa bwana yangu, ndugu za papa mukwe, walikutana, wakakata neno: muke wao asipande tena. Nilimuuliza papa Nsimire yeye anasema nini. Alijibu kwamba yeye hakatai, lakini papa yake hajasema, na bila neno la papa hawezi kuwapinga wakubwa.

Nilikasirika sana. Nilikuwa nakaribia kupoteza kazi yangu na wale wanawake wangu wote, na neno lilikuwa kwa mutu ambaye mara ya mwisho niliona mugongo wake. Hata hivyo nilirudi uwanjani na Mugisho. Nilizunguka mara chache, nikaanguka polepole kwenye majani, nikachubuka kiwiko. Kiwiko tu. Nilicheka nikiwa chini, Mugisho akafikiri nimepata wazimu. Nilipanda tena, nikakanyaga freni, pikipiki ikasimama pale nilipotaka.

Ndipo papa mukwe alikuja Kadutu, amevaa koti na kofia. Alikataa chai. Aliomba wana wake wawili, papa Nsimire na Mugisho, wakae. Kisha akaniambia, "Muke wa mutoto wangu, onyesha ile muguu."

Papa Nsimire alikohoa. Mimi nilisikia joto hadi masikioni. Nilivuta kikwembe hadi gotini, na nilishukuru Mungu kwa kaptula. Muzee alitazama kovu lote, kutoka juu hadi chini. Macho yake yalijaa maji.

"Ulikuwa unaungua," alisema, "na mimi niko naangalia migomba."

Niliona aibu kwa ajili yake, na hasira yote ikanitoka. Aliuliza kwa nini sikumuita. Nilimwambia kweli: "Papa, niliogopa utageuka."

Halafu akasimama, akauliza pikipiki iko wapi, maana batonton walikuwa wanamungojea Mudaka wasikie neno lake, na yeye alichoka kupanda magari ya watu.

Bamama, nilimubeba papa mukwe. Mimi. Alikaa nyuma, kofia ndani ya koti, akashika chuma cha kubebea mizigo ili asiniguse. Hivyo hadi tulipoanza kushuka kwenye ile kona yenye changarawe. Pikipiki iliteleza kidogo, nikakanyaga freni na muguu wangu wa kovu, nikaisimamisha sawa. Na nikasikia mikono miwili ya muzee imenishika kiuno. Haikutoka tena hadi Mudaka.

Tuliingia hivyo mbele ya batonton wote. Vikombe vilibaki hewani. Papa mukwe hakushuka haraka. Alikuwa bado amenishika.

"Mulikuwa munangojea neno yangu," alisema. "Nimekuja nayo juu ya pikipiki."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, pikipiki ikiwa bado yangu, na nilipanda soja na wanawake wangu.

Namushukuru Mungu, aliyenipa yule mama wa ndizi ambaye yeye anamujua jina. Nashukuru dokta, na masera, na hata ile mashine. Ninyi mukiungua, maji baridi, kisha hospitali, na dawa ya meno muiachie meno. Kidonda onyesheni. Na mimi nikianguka tena, na nitaanguka, maana pikipiki ni pikipiki, nitaachilia kikwembe na nitapiga kelele hadi Bukavu yote isikie.