Kadi ya Upepo

Baba yangu, Mzee Wanzala, alikuwa mchoraji wa mabango pale Lurambi. Ukitaka kujua ubishi ni nini, ungemwambia tu kwamba ng'ombe aliyemchora kwenye ukuta wa buchari ana shingo ndefu. Ungeshinda hapo hadi jioni.

Mwaka wa tisini na nne akaja mama mmoja Mzungu, mgeni wa kule msituni Buyangu, na pakiti ya kadi za taroti, zile za kutazamia bahati. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akamweleza baba michoro yake: kikombe ni maji, fimbo ni moto, sarafu ni udongo, upanga ni upepo. Alitaka achorewe kadi nne za namna hiyo, lakini kwa vitu vya kwetu. Angezichukua Jumamosi.

Maji, baba akachora mtungi kwenye chemchemi. Moto, mafiga matatu. Udongo, jembe lililozama shambani. Upepo ukamsumbua.

"Sasa chuma na upepo vinajuana wapi?" akawa anatugombeza sisi, kana kwamba ni sisi tuliotunga hizo kadi. Mwishowe akachora msichana anayepepeta wimbi kwa ungo, makapi yakiruka.

Mama yangu alimletea chai, akauona mchoro, akaketi chini na kikombe mkononi. Msichana yule alikuwa Dorothy, dada yangu mkubwa, aliyechukuliwa na malaria mwaka uliotangulia. Vile alivyozoea kuinamisha kichwa makapi yasimwingie machoni, ni yeye kabisa. Na hatukuwa na picha yake hata moja.

"Baba Dorothy," mama akasema, "hii haitoki hapa."

"Nimeshatoa neno langu."

"Basi toa lingine."

Haya. Baba akaanza kumchorea mama Dorothy wa pili, ili wa kwanza aende na mgeni. Alijaribu, jamani. Ungo ulikuja, mikono ikaja, uso ukakataa. Mama akautazama. "Huyu ni mtoto wa watu," akasema, akaenda kulilia jikoni. Baba akakaa nje bila kubishana na yeyote, na hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi mgeni akapewa kadi tatu pamoja na huyo mtoto wa watu. Alifurahi ajabu, akasema upepo anausikia hata mashavuni. Baba, mtu wa kubishana na redio, akajibu asante tu.

Krismasi hiyo tukaenda studio mjini: baba, mama, kaka yangu Makhanu na mimi. Mama akaitoa kadi mkobani, akaishika mapajani. Mpiga picha akamwambia aiweke kando, inaficha kitenge kizuri.

"Piga hivyo hivyo," mama akasema. "Huyu ni kifungua mimba wangu."

Picha hiyo ninayo mpaka leo. Baba amefunga tai vibaya, Makhanu amefumba macho, na nikiitazama ninawatamani wote. Ndiyo picha pekee niliyo nayo ya sisi sote watano.