Meza za Marehemu Kobe

Marehemu hatengenezi meza.

Najua umeshaanza kusema huyu dada hana akili nzuri. Vumilia kidogo. Nilikuwa nimelala chali sakafuni sebuleni kwangu, tochi mkononi, natazama uvungu wa meza, na maneno hayo ndiyo pekee yaliyonijia.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni mpokezi kwenye kliniki ya meno. Kutwa nzima nasikiliza watu wazima wakilia. Nikitoka huko starehe yangu ni moja tu: meza fupi za chuma, zile za kuwekea kahawa, za miaka ya hamsini na sitini. Uso wa shaba uliogongwa nyundo mpaka ukatoa ndege, samaki na majani, na miguu ya nondo iliyokunjwa kwa mkono.

Wengine wanapenda viatu. Mimi napenda hizo.

Mume wangu alishakata tamaa.

"Mama, hii ni nyumba au gereji?"

"Ni sebule ya watu wenye macho."

"Macho gani, na mimi kila nikipita naumia ugoko?"

Ugonjwa huu niliambukizwa na Baba Mkubwa, kaka yake marehemu baba yangu. Ndiye aliyenilea na kunisomesha baba alipoondoka. Ana duka la fanicha za mitumba kwenye mtaa wa mafundi bati, mtaa ambao ukitaka kuongea inabidi upige kelele, maana nyundo hazipumziki.

Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma meza.

"Usiangalie juu," aliniambia. "Juu kila mtu ameshapaka rangi na kupiga polishi. Lala chini, angalia uvungu. Huko hakuna aliyegusa tangu fundi alipoiachia."

Na mafundi aliowasifia wote walikuwa chini ya mmoja. Walimwita Kobe, kwa sababu ujanani alikuwa akizunguka mitaani kuuza, uso wa meza kaubeba mgongoni. Kobe aligonga shaba kutokea nyuma, kwa hiyo kila pigo la nyundo yake unalikuta uvunguni. Alikuwa wa mkono wa kushoto, mapigo yake yamelalia upande mmoja. Na kila mstari aliumalizia kwa nukta tatu ndogo. Ukishamjua humsahau.

"Bahati mbaya tulimzika," Baba Mkubwa alisema, kashika kifua. "Mimi mwenyewe nilibeba jeneza. Ujanani alitengeneza meza chache tu akaacha. Kwa hiyo ukiiona ya Kobe, kamata. Haizaliwi nyingine."

Lakini wapi! Zilikuwa zinapatikana.

Moja ilitoka kwa mjane aliyekuwa anahama. Nyingine kwenye hoteli iliyofungwa. Nyingine kwa mwalimu mstaafu. Kila baada ya muda simu inaita.

"Bosi, njoo. Nimeipata."

Bosi ndiye mimi. Aliniita hivyo tangu nikiwa mtoto, eti nilipozaliwa tu nikaanza kutoa amri.

Naenda mbio. Naishika, naikumbatia, nacheka duka zima linasikia. Halafu hata sijalipia natangaza, "Hii haitoshi, Baba Mkubwa! Nataka nyingine! Nitafutie hata kaburini!"

Tunacheka wote wawili.

Sasa siku moja nikaamua kupiga picha niwarushie wenzangu tunaokusanya vitu vya zamani. Wifi yangu akaja kunisaidia. Tukazipanga meza za Kobe sebuleni kwa mstari, kuanzia niliyoinunua kwanza mpaka ya mwisho.

"Zifute hata vumbi," wifi akasema. "Watu wataona aibu kwa niaba yako."

Nikachukua kitambaa na tochi nikaingia uvunguni.

Meza ya kwanza, safi. Mapigo yamekaa sawasawa, mistari imenyooka, nukta tatu ziko palepale.

Ya pili, nzuri, ila kuna mahali nyundo imepita kidogo.

Ya tatu, nyundo inayumba.

Nikasogea ya nne. Pigo moja limerudiwa mara mbili mbili, kama mtu haoni vizuri pale alipogonga. Ya tano, mistari imepinda, nukta tatu zimeshikana zikawa doa.

Nikafika ya mwisho, ile ya samaki. Yule samaki upande mmoja ana magamba, upande mwingine hana. Nyundo imeteleza, imekwaruza, imeacha. Mkono uleule wa kushoto, mwendo uleule, lakini unatetemeka.

Mikono inayotetemeka naijua. Wazee wanaokuja kliniki nawapa kalamu kila siku, naona wanavyohangaika kuandika majina yao.

"Wifi," nikaita nikiwa chini. "Kobe alitengeneza hizi akiwa kijana, sivyo?"

"Si ndivyo unavyotuimbia kila siku?"

"Kijana anatetemeka?"

"Labda alikuwa mlevi."

"Sawa. Zilikuwa zimetawanyika nyumba tofauti, miaka yote hiyo. Ilikuwaje mimi nikaanza kuletewa aliyoitengeneza akiwa mzima, halafu ya kuchoka kidogo, halafu ya kuchoka zaidi, moja baada ya nyingine, bila hata moja kukosea zamu?"

Wifi akasema polepole, "Labda ni bahati tu."

"Bahati gani inayozeeka?"

Hapo ndipo maneno yale yakanijia: marehemu hatengenezi meza. Hazikuwa meza za zamani. Kuna mtu alikuwa anazitengeneza sasa hivi, na ukiitazama ile ya mwisho, alikuwa amebakiza kidogo sana afe.

Nikampigia Baba Mkubwa. Nikajikausha, sauti nikaifanya ya kawaida.

"Baba Mkubwa, hii ya samaki uliipata wapi vile?"

"Si kwa yule mjane?"

"Mjane ilikuwa ya kwanza. Hii uliniambia ya hotelini."

Nilisikia nyundo za mtaani kwake zikigonga kwenye simu.

"Bosi wangu," akasema, taratibu mno. "Wewe furahia meza. Mambo ya uvunguni niachie mimi."

Akakata.

Mtu aliyenifundisha kulala chini nitazame uvungu, leo ananikataza. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni siku ya msiba wa baba. Nilitamani sana niwe nimekosea.

Kesho yake mchana niliomba ruhusa kazini nikaenda.

Duka lilikuwa wazi, yeye hayupo. Fundi bati wa jirani alikuwa ananawa mikono kwenye ndoo.

"Mzee katoka kula, dada. Na sisi ndiyo tunaenda. Kaa umsubiri."

Nikakaa kwenye kochi la mitumba. Mafundi wakaweka nyundo chini, mmoja mmoja, wakaondoka. Mtaa ukatulia. Miaka yote ninayokwenda pale sikuwahi kuusikia umetulia.

Kumbe nyundo moja haikwenda kula.

Ko.

Kimya kirefu.

Ko.

Ilitokea nyuma ya duka, kule stoo. Kule Baba Mkubwa alinikataza nisikanyage kwa sababu amemwaga sumu ya panya.

Nikakaza roho. Nikapita katikati ya makabati, nikasogeza godoro lililoegemezwa ukutani. Nyuma yake kulikuwa na mlango. Nilitegemea kukuta kufuli.

Haukuwa na kufuli. Niliusukuma tu ukafunguka.

Joto lilinipiga usoni, na harufu ya siki na chumvi, vitu wanavyoipaka shaba mpya iote ukijani ionekane ya zamani. Kwenye kigoda alikaa mzee mdogo, mkavu, miguu imevimba. Mapajani alikuwa na uso wa shaba. Nyundo alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto.

Hakuinua kichwa.

"Leo umewahi kurudi," akasema. "Haijaisha."

"Shikamoo, babu."

Nyundo ikasimama hewani.

Nilidhani kashtuka kwa kuona mgeni. Macho yake yalikuwa na ukungu, sidhani hata aliniona vizuri. Alichoshtukia ni sauti. Akaanza kuteremka kwenye kile kigoda, kwa shida, anashikilia ukuta, mpaka akapiga magoti mbele yangu.

"Bosi," akasema. "Nisamehe, Bosi. Mkono umegoma siku hizi mbili. Nitaimaliza. Usikasirike."

"Babu, inuka. Mimi si bosi wa mtu."

"Sauti yako naijua. Nakusikia ukija hapo dukani. Unacheka. Unasema haitoshi, unataka nyingine. Hata kaburini."

Nami nikapiga magoti. Tukawa wote wawili chini kwenye vumbi la shaba, nimemshika mikono, na mikono yake inanitetemekea.

"Kwa nini huondoki?" nikamuuliza. "Mlango huu uko wazi."

Akanishangaa.

"Nikiondoka, mke wangu atakuwa mgeni wa nani? Si wewe uliyemlaza kule hospitali? Karakana yangu ilipofungwa tulikuja hapa kuomba msaada, naye anaumwa. Mwenye duka akaniambia yuko tajiri mmoja, Bosi, anapenda kazi zangu. Nikigonga, mke wangu anatibiwa. Nikisimama, anatolewa kitandani." Akanikaza mkono. "Mwenye duka anasema watu wanakuogopa, lakini mimi nakushukuru. Kweli nakushukuru."

Sikuwa nimewahi kusikia habari za mke wake. Sikuwa nimelaza mtu hospitali yoyote.

Kivuli kikaingia mlangoni.

"Nilikwambia humu kuna sumu."

Baba Mkubwa alikuwa amesimama, kijiti cha meno mdomoni. Hakupiga kelele wala hakunikamata. Sauti ilikuwa ileile ya kuniuliza nimekula nini.

"Ulisema ulibeba jeneza lake," nikamwambia.

"Nani ananunua kazi ya mzee aliye hai? Akifa ndiyo watu wanagombania. Hata wewe uligombania." Akatoa kijiti. "Anakula, analala, hapigwi. Nje angekuwa ameshakufa kweli."

Mzee Kobe yeye alikuwa anachangamka, kama mtu aliyengoja nafasi hii muda mrefu.

"Bosi, kwa kuwa umekuja mwenyewe, nikuulize. Anaendeleaje? Bado anakohoa?"

Nikamgeukia Baba Mkubwa.

"Mke wake yuko hospitali gani?"

"Twende tukaongelee nje."

"Nakuuliza yuko hospitali gani!"

Akaangalia viatu vyake.

"Yuko hai?"

"Alikuwa anaumwa sana," akasema. "Ningemwambia, angeacha kugonga."

"Alikufa lini, Baba Mkubwa?"

Akasema kwa sauti ya chini, "Kabla ya ile ya pili."

Ya kwanza ndiyo ile yenye mistari iliyonyooka. Zote zilizofuata, zile nilizozikumbatia nikicheka, alizigonga kumtibu mtu aliyekuwa ameshazikwa.

Nilidhani mzee hajasikia. Alisikia. Hakulia. Aliweka nyundo chini, akaupapasa ule uso wa shaba kwa vidole, mahali alipoachia kugonga.

"Sasa hizi zote," akasema, "nilikuwa nampigia nani?"

Alikuwa ananiangalia mimi.

Mafundi bati ndio waliotusaidia kumtoa. Waliporudi kutoka kula walinikuta napiga mayowe, wakambeba na kigoda chake mpaka kwenye gari. Wengine walilia, maana walikuwa wamegonga naye ukuta kwa ukuta bila kujua yupo. Sasa anaishi kwetu. Wifi alizunguka mpaka akapata kaburi la mke wake, tukampeleka, akakaa pale mpaka jua lilipomshinda.

Baba Mkubwa kesi yake inaendelea. Nusu ya ukoo hawaniongeleshi. Wanasema nimemuuza aliyenilea. Usiku mwingine nami najiuliza hivyo, na sioni haya kusema kwamba bado ninampenda na bado sitaki kumuona.

Wewe unayependa vitu vya zamani, nisikilize. Kabla hujasifia kazi ya marehemu, hakikisha amekufa. Na ukiona kitu adimu kinapatikana kila unapokitaka, usishangilie. Kuna mtu mahali fulani anakitoa mwilini mwake, na pengine ameambiwa kwamba anayemnyonya ni wewe.

Na hatakuwa ameambiwa uongo.